Magita ya Nyamirambo

Vita vilipoanza, mwezi wa kumi wa mwaka wa tisini, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kuviringa waya. Watu wa mtaani walisema tuna kiwanda. Sisi wenyewe tulisema karakana: chumba kirefu cha bati nyuma ya nyumba yetu Nyamirambo, upande unaoteremka bondeni. Baba alitengeneza magita. Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita, alitengeneza amplifaya. Mama alipaka vanishi na kufunga nyuzi, tena ndiye aliyezungumza na wateja wengi, maana Kinyarwanda cha Baba kilibaki cha mgeni hata baada ya miaka thelathini. Mimi nilikaa dirishani na mashine ndogo ya mkono, nikiviringa waya mwembamba wa shaba kwa ajili ya transfoma, mzunguko juu ya mzunguko, nikihesabu kwa kunong'ona. Ukikosea hesabu, amplifaya inavuma tu, au inaungua mbele ya watu.

Baba alizaliwa Ujiji. Alikuja Kigali akiwa kijana, akawa seremala wa vitanda na makabati. Siku moja padri mmoja alimletea gita lililopasuka tumbo, akamwomba aligundishe. Baba aligundisha, lakini kabla ya kulirudisha alilipima kila upande akalichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. La kwanza alilotengeneza mwenyewe, Mama alikuwa akisimulia, lilikuwa zito kama stuli, na shingo yake ilipinda mvua za kwanza ziliponyesha. La tano liliimba. Mgongo ulikuwa wa mbao ya libuyu kutoka Zaire, uso wa msonobari, na vile vijiti vya chuma vya shingoni alivikata kwenye spoki za baiskeli. Bendi zilipoanza kutaka magita ya umeme, Kaka alikuwa shule ya ufundi. Alifungua redio tatu mbovu akatoa amplifaya moja. Kuanzia hapo kila kitu kilichotoka kwetu kilipigiliwa kipande kidogo cha shaba chenye umbo la jani, kona ya chini. Hatukuandika jina. Wapigaji wote wa mjini walilijua lile jani.

Jambo ambalo wageni hawakuliamini ni kwamba Baba hakujua kupiga gita. Alijua kukaza nyuzi mpaka zikubaliane, akigonga moja moja na sikio lake limelala juu ya mbao, basi. Kaka naye alijua saketi tu. Aliyejifunza kupiga ni mimi, kwa kuyajaribu magita kabla hayajauzwa, na Mama hakupenda sana, akisema msichana wa Kiislamu hapaswi kuonekana amekumbatia kitu kile.

Asubuhi waliyokuja askari, mji ulikuwa haujalala. Milio ya risasi ilikuwa imesikika kucha, na redio ilikuwa inasema maadui kutoka Uganda wameingia mjini na kila mtu abaki nyumbani. Tulikuwa tumekaa karakana kwa sababu hatukujua pa kukaa. Askari watano waliingia kupitia uani. Mkubwa wao, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, aliangalia meza ya Kaka: nyaya, transista, sanduku lililo wazi, taa ndogo nyekundu ikiwaka.

"Mnaongea na nani kwa hii?" aliuliza kwa Kinyarwanda.

Mama akajibu, "Hiyo haiongei na mtu, afande. Ni ya gita."

"Ya gita." Alichukua transfoma niliyoimaliza jana yake, akaigeuza mkononi. "Na hii ndiyo inarusha mpaka wapi? Mpaka Uganda?"

Kaka alijaribu kueleza. Alieleza kwa Kifaransa cha shule, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayejua mengi kuhusu umeme. Baba akamwambia anyamaze. Kisha Baba akachukua gita lililokuwa likisubiri mwenyewe, akachomeka waya, akamwambia yule mkubwa kwa Kinyarwanda chake kibovu, "Sikiliza, mzee, usikie kazi yake."

"Piga," alisema askari.

Baba akagonga uzi mmoja. Akagonga wa pili. Zaidi ya hapo asingeweza.

"Unatengeneza magita na hujui kupiga?"

Nikainuka, nikalichukua gita kutoka mikononi mwa Baba. Nilipiga wimbo wa harusi unaopigwa mtaani kwetu, wote wanaujua. Nilipiga nikiwa nimesimama, nikiangalia buti zao. Askari mmoja, wa nyuma kabisa, alianza kutingisha kichwa halafu akajikumbuka. Nilimaliza nikaanza tena, kwa sababu niliogopa kitakachotokea kukishakuwa kimya.

Mkubwa wao alinyoosha mkono akazima amplifaya. "Vizuri," alisema. Wakamchukua Kaka.

Aliwekwa na mamia ya wengine uwanja wa mpira wa mtaani kwetu, umbali ambao ungetembea kwa dakika kumi, na kwa siku zile tulisikia kelele zao tukiwa nyumbani. Baadaye wakahamishiwa gerezani. Mama hakuthubutu kwenda. Kitambulisho chake kilisema Mtutsi, na sisi wengine tulihesabiwa upande wa Baba, Waswahili, wageni wa aina fulani. Kwa hiyo nilikwenda mimi na chakula, mara nyingine kikapokelewa, mara nyingine kikarudi. Karakana haikufanya kazi. Baba alikuwa akinoa randa ambayo tayari ilikuwa kali. Mimi sikuweza kukaa. Nilipanda hadi barabara ya juu, nikashuka, nikapanda tena, mpaka fundi cherehani jirani yetu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Waliachiwa baada ya miezi sita, bila maelezo. Kaka aliingia uani akiwa amekonda, akasalimia, akanawa miguu, akaenda moja kwa moja mezani kwake. Aliwasha amplifaya. Akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka bati likaanza kutikisika na Mama akatoka jikoni ameziba masikio.

"Imeharibika," alisema Kaka. "Haina nguvu."

Ndipo tulipojua. Walikuwa wamempiga kichwani. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia alisikia kama mtu aliye chumba cha pili. Alijifunza kutuangalia midomo, lakini alichoka haraka, na mara nyingi alijibu swali ambalo hukuuliza.

Kuanzia hapo amplifaya zetu zikawa kubwa. Alitaka nguvu mara mbili, kisha mara nne. Transfoma nilizoviringa zilikuwa nzito kiasi cha kunilazimu nizipakate. Baba alisema nani atanunua kitu cha kuvunja ukuta, bendi zenyewe hazipigi tena kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Wanunuzi wakapatikana. Vyama vingi viliruhusiwa, na kila Jumapili palikuwa na mkutano mahali fulani, kofia za rangi hii na rangi ile, na kila chama kilitaka spika za tarumbeta zinazosikika kilima cha pili. Walikuja wa kila rangi. Kaka aliwauzia wote sawa.

"Mimi nilifungua mahali hapa kwa ajili ya watu kucheza," Baba alimwambia mchana mmoja, mbele yangu.

Kaka hakusikia. Baba ikabidi arudie kwa kupiga kelele, na maneno yale yakipigiwa kelele yakawa ugomvi.

"Watu hawachezi!" Kaka naye akapaza sauti. "Unataka tule magita?"

Mimi nilikuwa upande wa Kaka. Niseme ukweli. Nilifurahi kuona sakafu imejaa tena maganda ya mbao na vipande vya waya. Nilifurahi kuhesabu. Mikono ikiwa na kazi, kichwa hakikuzunguka sana.

Mwaka wa tisini na mbili ukaisha, wa tisini na tatu ukaanza, na mikutano ikabadilika sauti, lakini mimi nilikuwa dirishani na waya wangu. Jumapili moja alikuja mtu na pikipiki, mmoja wa wateja wetu, mwalimu wa zamani, mtu wa adabu sana.

"Dada, machini yenu iko imekufa. Watu wanangojea. Kuya unisaidie."

Kaka alikuwa ameenda kununua vipuri. Nilichukua bisibisi na fyuzi, nikapanda nyuma ya pikipiki. Mkutano ulikuwa kwenye kiwanja kimoja upande wa Kicukiro, kilima cha Rebero kikiwa juu yetu. Vijana walikuwa wamejaa, wengine na fimbo zilizochongwa. Amplifaya ilikuwa juu ya meza nyuma ya jukwaa, na jani letu la shaba kwenye kona. Fyuzi ilikuwa imeungua, na waya mmoja umelegea. Nilitengeneza kwa dakika tano. Taa nyekundu ikawaka. Vijana waliokuwa karibu wakanipigia makofi, na mimi nikacheka, nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru.

Msemaji akashika tena maikrofoni. Sauti ilitoka safi, haikuvuma hata kidogo. Alianza na utani. Alisema kuna familia hapa mjini zimefuga nyoka chumbani, zinalala naye kitanda kimoja, zinamzalia watoto. Watu wakacheka. Kisha akaacha utani, akaeleza nyoka hufanywa nini. Alieleza polepole, sehemu kwa sehemu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake na bisibisi mkononi. Kuzima ilikuwa swichi moja, na nilijua iko wapi kwa sababu nilikuwa pale Kaka alipoifunga. Sikuizima. Nilisubiri amalize, yule mwalimu akanirudisha hadi nyumbani, akanishukuru, akaniambia nimsalimie Mzee. Na nikasema nitamsalimia.

Mama alikuwa amekaa uani, akichambua mchele. "Imepona?" aliuliza.

"Imepona," nikasema.

Siku tatu sikuweza kuviringa. Nilifika mia mbili, nikasahau, nikaanza upya, nikasahau. Siku ya nne nilifunga mlango wa karakana nikamweleza Kaka, uso kwa uso, ili asome midomo yangu. Nilimweleza kila neno la msemaji yule.

"Mimi nilikuwa nakwenda kwenye mikutano yao," alisema. "Nilikuwa nasimama karibu na spika. Nilikuwa nasikia kwamba kuna sauti. Maneno sikuyasikia."

"Ulikuwa unaona watu wanavyoitikia."

"Niliona wamefurahi," alisema. "Nikafurahi na mimi."

Alilia, na kilio cha mtu asiyejisikia mwenyewe ni kikubwa. Baba alikuja akagonga mlango. Hatukumfungulia mara moja.

Tulikubaliana wote watatu, Baba, Kaka na mimi: hakuna tena spika za mikutano, za rangi yoyote. Mwalimu alipokuja kuchukua mbili alizokuwa ameagiza, Kaka alimwambia hatuna vipuri. Akaja tena. Mara ya tatu alikuja na vijana wawili ambao hawakukaa walipokaribishwa. Mmoja alizunguka karakana akigusagusa magita yaliyoning'inia, akivuta uzi huu na ule.

"Mzee," mwalimu alimwambia Baba, kwa heshima ileile, "sisi hatuna shida na wewe. Wewe ni mgeni wetu wa siku nyingi. Lakini huyu mama wa humu ndani, ndugu zake wako wapi siku hizi?"

"Ndugu zake ni sisi," Baba akasema.

Mwalimu akacheka kidogo, akaaga.

Februari ya mwaka wa tisini na nne watu wakaanza kuuawa mjini mchana kweupe, na Baba akasema Mama aondoke. Burundi haikuwezekana, kule nako kulikuwa kunawaka. Ilibaki Rusumo, mpakani na Tanzania, kisha Kigoma kwa dada yake Baba. Tulijadiliana nani aende naye. Kaka alitaka kubaki na vyombo.

"Wewe huwezi kubaki," Baba alimwambia, akimshika kidevu ili amtazame. "Mtu akikuita barabarani usisikie, unadhani atakuita mara ya pili? Na njiani huko huwezi kujibu askari. Dada yako atawajibia nyote wawili. Mimi namaliza magita haya manne, nakuja."

"Acha magita," nikasema.

"Watu wameshayaagiza."

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa na sababu nyingine. Tuliondoka na basi la alfajiri. Kwenye vizuizi nilisema Mama ni mgonjwa, kitambulisho chake kimepotea, na tunampeleka kwa shangazi, nikiongea Kiswahili kingi na Kinyarwanda kidogo, na Mama akajifunika kanga hadi machoni akawa mama wa Kiswahili kabisa. Kizuizi cha mwisho askari alimuuliza Kaka jina lake, Kaka akajibu, "Kigoma." Askari akacheka, akatupisha.

Mauaji ya Aprili tuliyasikia redioni, nyumbani kwa shangazi. Kaka alikaa karibu yangu akiangalia midomo yangu, na mimi sikuweza kupaza sauti kwa sababu Mama alikuwa hapo, kwa hiyo nilimwandikia kwa chaki kwenye kipande cha ubao. Niliandika, akasoma, nikafuta. Siku nyingine niliacha nusu. Mchana nilikwenda stesheni kuangalia wanaoshuka, ingawa nilijua hakuna anayeweza kutoka Kigali na kushuka pale. Nilikwenda hata siku ambazo treni haiji. Shangazi alinipa mpunga wa kupeta, nguo za kufua, chochote, ili nitulie. Miezi mitatu haikuleta barua wala mtu.

Nilirudi peke yangu mwishoni mwa Agosti, kwenye lori la wafanyabiashara. Nyamirambo ilikuwa na watu, jambo ambalo sikulitegemea baada ya kilometa zote zile za nyumba tupu. Fundi cherehani alikuwa mlangoni pake. Alinishika mikono yote miwili kabla sijauliza.

"Yupo," alisema. "Yupo. Kaa kwanza."

Alinieleza yeye, kwa sababu Baba hakuwahi kueleza. Tangu Februari, kabla hata hatujaondoka, Baba alikuwa amejenga ukuta wa pili wa mbao mwishoni mwa karakana, nyuma ya rundo la libuyu, ambao mimi nilidhani ni wa kukinga mbao na mvua. Aprili akaficha watu watatu humo. Wiki ya tatu vijana walikuja kutaka amplifaya ya kufunga kwenye gari. Baba aliwaambia zote zimeungua, na kweli zilikuwa zimeungua: alikuwa amezichomeka umeme vibaya, moja baada ya nyingine, kwa makusudi. Walimvunja mkono wa kulia, wakabeba kila walichoweza. Mmoja wa wale watatu alisikia kelele akatoka, labda akidhani wanamuua Mzee, wakamuua yeye. Wawili waliobaki wazima sasa walikuwa wameshaondoka kwenda kwao.

Nilimkuta Baba amekaa kwenye stuli ndani ya karakana. Mabati ya nusu moja hayakuwepo, mvua ilikuwa imeingia. Mashine yangu haikuwepo. Kwenye ukuta ilibaki misumari ya kutundikia magita, kwa mstari. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, kiganja kimeangalia pembeni.

"Mama yako?" aliuliza.

"Mzima. Na Kaka mzima."

"Alhamdulillahi." Kisha akasema, "Sikuyamaliza yale manne."

Kaka na Mama walikuja mwezi uliofuata. Mji ulikuwa unajaa wakimbizi wa zamani na watoto wao, waliotoka Bujumbura, Kampala na Tanzania, wengine hawajawahi kuiona Kigali maishani mwao, na mtaani Kiswahili cha kila namna kilisikika. Hakuna aliyetaka gita. Walitaka milango. Milango yote ya mji ilikuwa imevunjwa au imegeuzwa kuni. Kaka aliranda, Mama alipaka rangi, Baba alisimama akituelekeza kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikwenda kuchukua vipimo, na kazi hiyo ilinifaa, kutwa nzima kutembea.

Mnamo Novemba mwanamke mmoja aliyetoka Burundi aliniita nyumba moja huko Rebero. Nilifika getini. Nyumba niliijua. Mwenyewe alikuwa karani, mpigaji wa besi wa jioni za Jumamosi, na mimi na Kaka tuliwahi kuja hapo kumfungia spika sebuleni. Mkewe alitupa juisi ya maracuja. Matundu ya skrubu yalikuwa bado ukutani.

"Mama, mwenye nyumba hii unamjua?" niliuliza.

Alikuwa ameshika mtoto, akamhamishia ubavu wa pili. "Simjui. Tulikuta haina mtu. Unamjua wewe?"

"Namjua."

"Iko hai?"

"Sijui."

Halafu akasema, "Baba yangu alikuwa na nyumba kule Batsinda. Alitoka mimi nikiwa mgongoni. Nimekwenda, nimekuta watu ndani, nao wanasema hawajui. Nifanye nini, dada? Nilale na mtoto bila mlango?"

Nilifungua futi yangu. Nilipima urefu, nikapima upana, juu na chini, kwa sababu fremu ilikuwa imepigwa shoka na haikuwa sawa. Niliandika kwenye kiganja, karatasi sikuwa nayo. Nikamwambia mlango utakuwa tayari Alhamisi. Kisha nikateremka kilima haraka, karibu kukimbia, kwenda kupima mwingine.